Misumari ya Kibanda cha Ansgar

Ganda la chungwa likitupwa chini pale kwenye kituo cha utafiti haliozi, kwa baridi. Litakauka, litapauka, litakaa hapohapo juu ya changarawe mpaka aliyelitupa awe na wajukuu. Ndiyo maana Solrun Tangvik alimrudisha profesa mzima, mtu wa miaka sitini na ushei, mwendo mrefu juu ya mawe, akaokote maganda yake. Profesa alirudi nayo mfukoni, amenuna, na wakati wa chakula hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Solrun mwenyewe alipomsogezea bakuli la matunda na kumwambia, "Kula, Profesa. Ya humu ndani hayana kesi."

Ndivyo alivyokuwa. Kazi yake iliitwa uhandisi wa mazingira, ila ukimuuliza angekwambia kazi yake ni kukatalia watu. Wanasayansi wanakuja Svalbard, kule juu kabisa ambako dunia inaishia, kwa sababu hewa ni safi na theluji haijakanyagwa. Wakishafika, wao wenyewe ndio wanaoanza kuchafua. Wanataka dizeli, wanataka maji ya moto, wanataka skuta za theluji, wanataka kuku wa kukaanga. Solrun alipita nyuma yao akiangalia mapipa yasivuje, maji machafu yasifike ziwani, moshi usipeperukie kwenye vifaa vya kupimia hewa. Hata simu za mkononi zilipigwa marufuku pale, maana zinavuruga vipimo. Kulikuwa na simu moja tu ya waya, ukutani, kwenye ukumbi ambamo watu huvua buti, na kila aliyeongea humo aliongea mbele ya yeyote anayehangaika na kamba za viatu. Simu hiyo tutairudia.

Jostein, fundi mitambo, alimwita Bibi Afya. Mwanamume mnene wa masikio mekundu, mdomo haukai. Asubuhi akimwona Solrun anakuja na chupa zake za kuchotea sampuli, anaficha kikombe cha kahawa nyuma ya mgongo na kusema, "Jamani, ficheni kila kitu, Bibi Afya huyo!" Solrun alikuwa akimjibu kwamba hakuna haja ya kuficha, harufu ya soksi zake inatosha kufungia kituo. Walipendana namna hiyo, kwa kutukanana.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo watu wa huko wanaijua kama wanavyojua majina yao. Chochote kilichoachwa na binadamu kabla ya mwaka 1946 ni urithi, hakiguswi, hata kiwe kopo lenye kutu. Chochote kilichokuja baada ya hapo, kama hakina anayekitumia, ni taka, na taka inapanda meli. Makopo mawili yanaweza kulala bega kwa bega, moja linalindwa na serikali, jingine linangojewa na gunia. Kuamua lipi ni lipi ilikuwa kazi ya Solrun, na hakuwa na huruma. Mzee mmoja wa Kipolandi aliwahi kulia machozi mbele yake akiuombea mnara wa kupimia upepo aliousimamisha ujanani. Solrun alimpa leso, akampa kahawa, kisha akaushusha mnara.

Sasa, nyuma ya kituo, ng'ambo ya kijito kinachoingia ziwani, kulikuwa na kibanda chenye mlango wa buluu. Kibanda hicho kilikuwa cha baba yake.

Ansgar Tangvik aliwinda mbweha weupe kwenye ghuba ile akiwa kijana, enzi ambazo kituo hakijawa hata wazo la mtu. Alikijenga kibanda mwaka 1957, kila ubao, kila msumari, kwa mikono yake. Solrun alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Nyumbani kwao, kwenye kisiwa karibu na mji wa Tromsø, kusini ng'ambo ya bahari, baba alilisimulia mezani, alilisimulia kwenye boti, alilisimulia kwa wageni wasioliuliza. Alimjengea Oddny, mchumba wake, na Oddny akaja na meli, akakaa naye majira mawili ya baridi, yale ya giza mchana kutwa. Aliporudi kisiwani alikuwa na mimba ya Solrun. Solrun alipotimiza miaka tisa, Oddny alifariki kwa ugonjwa wa damu, na baada ya mazishi Ansgar hakulitaja jina lake tena kwenye jambo lingine lolote. Ukitaka kusikia habari za mama, ilibidi uulize habari za kibanda. Hapo ndipo mzee alipofunguka: mama yako alikuwa anakaa upande huu wa jiko, mama yako ndiye aliyechagua buluu, mama yako alimfukuza dubu kwa sufuria. Mtoto akauliza na kuuliza. Nadhani hata kazi aliyoisomea aliisomea ili afike pale.

Lakini kibanda kilikuwa kimechakaa. Paa lilikuwa limebonyea, rangi ya buluu, ambayo ni ya zamani na ina madini ya risasi yenye sumu, ilikuwa inabanduka na kudondoka kwenye kijito, na mapipa ya Ansgar ya mafuta ya taa yalikuwa yameanza kutoa jasho jeusi kwenye mchanga. Kijito kinaingia ziwani. Tope la ziwa lile lilikuwa linapimwa na watu wa nchi saba, kwa sababu lilikuwa tope safi.

Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamfungia mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Ukiona vigumu, Solrun, tutaita mtu kutoka nje aje aamue."

"Vigumu vipi? Kuna sheria."

"Ni cha baba yako."

"Na ule mnara ulikuwa wa yule mzee," Solrun alisema.

Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa yameshamfikia. Mezani kulikuwa na wanaosema Bibi Afya ana macho makali kwa taka za wenzake tu. Hata Jostein, kwa utani wake usiojua pa kukomea, alimtupia siku moja, "Naona taka zetu zina meli, za kwenu zina mlango wa buluu." Watu wakacheka. Solrun naye alicheka, na lile neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi alipiga simu. Ansgar alikuwa kwenye nyumba ya wazee kisiwani, miaka themanini na kitu, macho yamebaki ya kutofautisha dirisha na ukuta.

"Baba, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Una watoto wangapi wewe?"

"Mmoja. Na huyo hapigi simu."

"Leo amepiga. Umekula?"

"Wametupa samaki. Samaki gani, sijui, alikuwa mweupe kama mto wa kulalia na hana ladha zaidi ya mto. Unanipeleka lini?"

Ilikuwa ahadi. Mkuu wa kituo alishakubali: mwezi wa nane meli ya mizigo ingempakia mzee, akae siku chache, ashike ukuta wa kibanda chake, arudi. Solrun aligeuka. Jostein alikuwa ameketi kwenye benchi anavuta buti, na nyuma yake wanafunzi wawili wakitafuta ndara zao.

"Tutaona, Baba. Sikiliza. Kile kibanda, ulikijenga chote mwenyewe? Hukukuta kitu pale?"

Kule upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Kwa nini unauliza?"

Hapo ndipo pa kusema. Angesema, Baba, wanataka kukivunja, na mimi ndiye ninayeandika, nipe sababu ya kukiacha. Lakini mzee angeumia, na angeumia akiwa peke yake chumbani, gizani mwake, mbali na mkono wa mtu yeyote. Isitoshe Jostein alikuwa palepale. Alijiambia atamweleza uso kwa uso.

"Nataka kujua tu. Tunaweka kumbukumbu za ghuba."

"Kumbukumbu," mzee alirudia, na sauti yake ikapanda kidogo, kama mtu aliyeitwa jukwaani. "Basi waandike. Kila ubao. Kila msumari. Mwaka hamsini na saba. Mama yako alianza kuuona mlango angali ndani ya meli."

"Sawa, Baba. Asante."

Jostein aliinua kichwa. "Mzee mzima?"

"Mzima."

Solrun akaenda kuandika kwamba kibanda kilijengwa mwaka 1957, kwa ushahidi wa mjenzi mwenyewe.

Niseme ninavyoona mimi. Kibanda cha mtu mwingine yeyote, Solrun angekwenda na mtaimbo, akabandua ubao mmoja wa nje, akachungulia. Alifanya hivyo kwa vibanda vyote vya pwani ile. Hakuwahi kumwamini mtu kwa mdomo. Cha baba yake hakukibandua. Alikuwa ameshika bango la haki mkononi na hadithi ya utotoni moyoni, na kati ya hivyo viwili hakubakiwa na mkono wa kushikia mtaimbo.

Walikivunja mwezi wa saba, siku ya Jumanne, jua likizunguka angani bila kuzama. Watu wa huko wana desturi ya msaragambo: likitokea jambo la mikono mingi, kila mtu anatoka, profesa na mfagiaji, halafu kunakuwa na kahawa na keki bapa za moto zenye jamu. Siku ile hakubaki mtu ndani. Mpishi mwenyewe alivuka kijito na birika mbili, akaiacha nyumba tupu. Mmoja alipanda mwambani na bunduki kuangalia dubu. Watu walikuwa wapole kwa Solrun, walimgusa bega wakipita, na upole huo ulimchosha kuliko kazi.

Mlango wa buluu ulishuka wa kwanza. Alisaidia kuubeba. Kisha aliwaachia wengine kuta, akajiingiza kwenye mapipa, kwa sababu mapipa yalikuwa hatari na pia kwa sababu akiwa ameinama huko hakulazimika kutazama. Alisikia mbao za nje zikibanduliwa, karatasi ya lami ikichanwa, halafu msumeno wa mashine ukaanza kunguruma, ukikata vipande vya kuingia kwenye kontena. Ulinguruma kwa muda mrefu. Alipiga magoti, akachota mchanga mweusi kwa koleo, akajaza mifuko.

Jostein akaja anajipangusa jasho. "Bibi Afya, huyu baba yako alikuwa anapigia misumari ya kuzimu. Hii haing'oki kabisa! Mpaka upasue gogo lenyewe ndiyo inakuachia. Hebu ona."

Akamwekea mmoja kwenye glovu.

Ulikuwa mrefu kama kiganja, mzito, wenye pembe nne, kichwa kimefuliwa kwa nyundo, kazi ya mkono, si ya kiwanda. Solrun alivua glovu akaugusa kwa kidole. Kila kiangazi huwapeleka wageni kwenye magofu ya wawindaji wa kale, huko rasini, akawaonyesha misumari kama ile kwenye magogo yaliyolala, na kila kiangazi anawaambia maneno yaleyale: hii ilifuliwa kwa mkono zamani sana, tazameni kwa macho, msiguse.

Mwaka hamsini na saba, misumari ilikuwa inauzwa kwa pakiti.

"Zima," alisema.

"Nini?"

"Zima mashine! Zima!"

Mashine ilizimwa. Alikwenda akiwa anakimbia, akateleza, akafika. Chini ya mbao za baba yake kulikuwa na kuta za magogo ya mviringo, yaliyochongwa kwa shoka, yamefungamana pembeni kwa mtindo ambao hakuna aliyeutumia tangu babu za baba yake. Kuta tatu zilikuwa zimeshakatwa vipande, zimepangwa vizuri, zinangoja meli. Wa nne ulikuwa umesimama peke yake. Watu walisimama na vikombe vyao mkononi. Profesa wa machungwa ndiye aliyevua kofia.

Alijishtaki mwenyewe siku ileile. Wakubwa walimwambia ni kosa ambalo yeyote angelifanya, na yeye akawajibu kwamba si kweli. Wakaja wakaweka kibao: mabaki haya yanalindwa kwa sheria, usisogeze kitu chochote. Vile vipande vilivyokatwa kwa msumeno vikabaki pale vilipopangwa, maana sasa hata rundo lile lilikuwa urithi. Mlango tu na zile mbao za Ansgar ndivyo vilivyokuwa taka. Viliondoka na meli.

Na msumari ule Jostein aliomwekea mkononi haukurudi ulikotoka. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Solrun. Mtu aliyemrudisha profesa kwa ajili ya ganda la chungwa aliuiba, akapita nao kwenye kila mlango, na hakuna aliyemkagua, kwa sababu mkaguzi alikuwa yeye.

Mwezi wa nane alishuka kisiwani. Njia nzima, ndani ya ndege na ndani ya feri, alikuwa akipanga sentensi. Baba, kuna jambo. Baba, samahani. Baba, kibanda. Kila sentensi ilifika katikati ikavunjika.

Ansgar alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa sweta lake la sherehe, nywele zimelazwa kwa maji. Alitambua hatua zake kabla hajasema.

"Funga mlango," alisema. "Kaa. Wasituletee kahawa kwanza, nina jambo."

"Baba, na mimi nina..."

"Lako baadaye. Mimi ni mkubwa." Alijikohoza. "Redioni walisema mnasafisha vibanda huko juu. Vya baada ya vita. Vyote visivyo na mtu. Ndipo nikaelewa ulikuwa unaniuliza nini siku ile, na mimi nikajibu kama jogoo. Nikapiga simu palepale. Jumanne ilikuwa. Nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, inalia tu mpaka inakatika. Nyie watu mnafanyaga nini mchana kutwa?"

Solrun aliona ukumbi, buti hakuna, ndara zimepangwa, na ile simu ukutani inalia ndani ya nyumba tupu.

"Sasa nisikilize, maana nikinyamaza sitasema tena." Mzee alishika mikono ya kiti. "Kile kibanda sikukijenga. Nilikikuta. Magogo mazima, paa zima, waliokijenga walishakufa zamani, mwenyewe unayajua magofu yao huko rasini. Mimi nilipiga mbao kwa nje na kwa ndani, nikatandika sakafu, nikatia mlango, nikaupaka. Basi. Kisha nikamwandikia Oddny, nimekujengea nyumba, njoo."

"Baba."

"Akaja! Mwanamke ameacha kazi yake posta, ameacha kwao, katapika njia nzima. Akashuka, akaingia, akapapasa ule ukuta hivi, akaniambia, Ansgar, hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hili. Haya, wewe ungemwambia?"

"Nisingemwambia."

"Ehe. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho zikapita, akafa. Nikaona nikiusema ukweli baada ya hapo ni kama kumnyang'anya kitu mtu aliyelala. Halafu unapiga simu, na wewe kwenye simu una sauti yake, hakuna aliyewahi kukwambia? Ni yeye mtupu. Ananiuliza kama nilijenga mwenyewe. Ningejibu nini?" Akapangusa macho yake yasiyoona kwa kiganja, halafu, taratibu, akaanza kutabasamu. "Lakini nimewaza usiku na mchana, nimeona heri niaibike. Sasa unajua. Kile ni cha kale, binti yangu, cha kabla ya vita vyote. Ni sheria yako mwenyewe! Hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nenda ukawaambie, baba yangu ni mwongo, kibanda kibaki."

Alicheka. Alikuwa mwepesi, mzee wa watu, kama aliyetua gunia alilolibeba tangu ujana. Alinyoosha mkono hewani kumtafuta mwanawe.

"Na mwezi wa nane si ndio huu? Nimevaa sweta. Twende nikaushike ule ukuta alioushika yeye."

Solrun aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. Sentensi zote za feri zilikuwa zimemtoka. Aliingiza vidole mfukoni, akatoa msumari, akauweka kwenye kiganja cha baba yake, akamkunjia vidole juu yake.

Ansgar aliupima uzito. Dole gumba lilitembea kwenye pembe nne, likapanda mpaka kichwani, likashuka mpaka nchani. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limesahaulika usoni.

"Ni wenyewe," alisema. "Hii niliwahi kujaribu kung'oa mmoja, nitundike taa ya mama yako. Haitoki hii. Haitoki mpaka..."

Dole likasimama.

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la vyombo vya kahawa, vijiko vinagongana, likaja mpaka mlangoni na kupita. Solrun alilia bila sauti, jinsi wanavyolia watu waliozoea simu ya ukumbini, lakini kipofu hahitaji sauti. Mkono mwingine wa mzee ulipanda ukamkuta shavuni, ukakaa hapo, umelowa.

"Lini?" aliuliza.

"Jumanne ile."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Aliufumbata msumari, akauingiza chini ya sweta upande wa moyo, akaushikilia hapo kwa kiganja. Walikaa. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, kama kuna mtu chumba cha pili ambaye hapaswi kuamshwa.

"Mama yako asijue."

"Sitamwambia, Baba," Solrun alisema.